Nilimtia hatiani ndovu asiye na kosa, nikiwa nimekaa kwenye dawati Spring Valley

Wakuu, niaje.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sehemu zinazoniaibisha ndizo za kweli zaidi, kwa hivyo mkifika huko msidhani nimezitunga ninogeshe uzi. Majina nimebadilisha. Ofisi sitaitaja, na msije inbox kuniuliza.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiwa Sunday school nilimuuliza mwalimu wale ndovu wawili ndani ya safina walikuwa wanakunywa maji kiasi gani kwa siku, na yalikuwa yanawekwa wapi. Alimwita mama. Chuo nikasoma takwimu, na ugonjwa ukazidi. Ukiniambia "watu wengi wanasema", mimi nataka kujua wangapi, na uliwauliza lini. Ex wangu aliniacha kwa sababu hiyo, au ndivyo alivyosema. Sikupata ushahidi wa pili.

Sasa, kazi.

Niliingia kama intern kwenye ofisi moja ya utafiti na uhifadhi wa ndovu, huko Spring Valley. Kwa wale hawaijui, Spring Valley ni mtaa wa Nairobi ambao mnyama mkubwa kabisa utakayemwona ni mbwa wa jirani, na huyo mbwa ana daktari wake. Mimi nalala Kinoo, ambako maji ya mfereji huja Jumatano kama yameamua. Asubuhi natoka kwa watu wanaojaza mitungi, naenda kukaa mahali sprinkler inanyweshea nyasi, nifungue laptop nihangaike na kiu ya ndovu. Sikuona kejeli yoyote wakati huo. Niliona tu kuna wifi nzuri.

Kazi yenyewe ni hivi. Ndovu hutambuliwa kwa masikio. Sikio la ndovu huchanika kwa miiba, kwa kupigana, kwa matawi, na ile michaniko haipotei. Huyu ana tundu, huyu ana pengo, huyu ukingo wake umekatika kama karatasi iliyong'olewa kwenye daftari. Kila ndovu ana faili yenye picha mbili kuu: sikio la kushoto na sikio la kulia. Mtu akituma picha kutoka porini, mimi nakaa nikilinganisha masikio mpaka jioni. Nikipata anayefanana, naandika jina lake, naandika kiwango cha uhakika, natia sahihi.

Wiki zangu za kwanza kabisa nilipewa kazi ndogo: kutoa picha zenye ukungu kwenye mafaili na kuweka safi. Niliifanya vizuri sana. Bosi aliniandikia "good work" na mimi nikapiga screenshot. Bado ninayo.

Bosi wetu tulimwita Daktari. Mama mmoja wa maneno machache, amekaa na ndovu miaka mingi mpaka akikuangalia unahisi anatafuta pengo kwenye sikio lako.

Ofisi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni wa ndovu wa porini, ambao wana nambari. Upande wa pili ni wa ndovu yatima, wanaookotwa wakiwa wadogo, wanalelewa kwa chupa za maziwa, halafu wakikua wanarudishwa porini. Hao wana majina, wana wazazi wa hiari wanaowafadhili kutoka Ulaya na Amerika, na wana kalenda.

Nyota wa kalenda alikuwa dume mmoja anaitwa Mpole. Alilelewa hapa Nairobi, akaachiliwa zamani, na sasa ni jitu zima. Picha yake ilikuwa ukutani pale reception: Mpole bado mdogo, na mlezi wake kando amevaa dustcoat ya kijani, lile koti refu la kazi, ameshika chupa. Wageni wote walipiga selfie hapo. Chini yake kuliandikwa kwamba ndovu hasahau kamwe. Mimi nilikuwa nikipita nauliza kimoyomoyo: nani alipima, na alipima vipi.

Basi.

Siku moja ikaja kesi kutoka Ukambani, upande wa Kibwezi, kijiji kilicho karibu na mpaka wa mbuga. Hizo kesi nilikuwa napewa mimi kwa sababu ndiye pekee pale ofisini niliyejua Kikamba. Na hicho kijiji nakijua. Ndiko kwa mama yangu. Dada yake mama, Aunty Kalekye, ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na tangi la maji lililokuwa na shida ni la hicho kikundi.

Shida ilikuwa ndovu dume. Alikuwa anakuja kwenye tangi kunywa. Mwanzo watu walimwacha. Halafu siku moja akina mama walikuwa kwenye foleni, yeye akatokea, watu wakakimbia, na jirani yake Aunty, mama Mumo, akaanguka akavunjika mkono. Ndipo wenye mamlaka ya wanyamapori wakasema inatosha, huyo dume ahamishwe. Wakatuuliza sisi swali moja: ni nani?

Mnielewe hapa, kwa sababu ndipo uzito ulipo. Kumhamisha ndovu mzima si kama kuhama Kinoo na pickup. Anapigwa dawa ya usingizi kutoka kwenye helikopta. Akianguka vibaya, kifuani, uzito wake mwenyewe unamzuia kupumua. Dume mwenye umri mkubwa anaweza kulala asiamke. Kwa hivyo ukimtaja ndovu, unataja anayeweza kufa. Na ukimtaja asiye yeye, yule mwenyewe anabaki palepale kwenye tangi, na safari ijayo hatavunja mkono tu.

Nilijua yote hayo. Nilifurahi, kusema ukweli. Hatimaye swali lenye maana.

Picha zilitumwa na vijana wa kijiji kwa simu. Moja tu ndiyo ilifaa: upande wa kushoto wa kichwa, nyuma ya tangi. Sikio la kushoto lina tundu kama la sarafu, na chini yake pengo lenye umbo la V.

Nikapekua mafaili. Dume mwenye tundu na pengo kwenye sikio la kushoto nilipata mmoja tu anayekaribia: Nambari 41, mzee wa porini, hana jina, hana mfadhili, hajawahi kufika hata karibu na kalenda. Tundu lake lilionekana kama mchaniko kuliko tundu, lakini picha ilikuwa ya zamani na mchaniko hubadilika. Mpole naye alikuwa na tundu na V, lakini kwake vilikuwa sikio la kulia. Nikamwondoa kwenye orodha.

Nikaandika: Nambari 41, uhakika wa juu. Nikatia sahihi. Operesheni ikapangwa asubuhi ya Jumatano.

Jumapili kabla ya hiyo Jumatano, Aunty alikuwa Nairobi kwa sababu ya macho, amefikia kwa binti yake karibu na Adams Arcade. Nikaenda kumsalimia. Tukakaa kwenye kibanda kimoja cha chai pale nyuma ya maduka, yeye na Biblia yake kwenye mfuko wa karatasi.

"Nasikia mnakuja kumchukua," akasema.

"Si mimi, Aunty. Mimi nilimtambua tu."

"Basi mkimchukua mjue mnamchukua msomi."

Nikacheka. Nikamuuliza msomi kivipi.

"Huyo ndovu hapigi tangi. Wale wengine wakiwa na kiu wanasukuma, wanavunja, wanaenda. Huyu anakuja saa nne asubuhi, jua limetoka, kama mtu wa ofisi. Anafika, anasimama. Hasogei. Ni kama anangojea kuhudumiwa. Akiona hakuna mtu wa kumpa, anashika koki na ule mkono wake, anazungusha."

"Anafungua koki."

"Anafungua. Kufunga ndiyo hajafundishwa."

"Na siku ile mama Mumo aliumia?"

"Mama Mumo alijiangukia akikimbia. Ndovu hata hakugeuka. Alikuwa anaangalia mzungu."

"Mzungu gani tena?"

"Si mzungu kweli, ndivyo tunavyomwita. Yule afisa wa kilimo. Alikuwa amevaa hiyo koti ya kazi, ya kijani. Ndovu akamfuata yeye kidogo kidogo, pole pole, akiinua mkono juu hivi." Akainua mkono wake na kijiko. "Afisa mpaka leo hajarudi."

Wakuu, someni hayo tena. Mimi nilikuwa nayo yote, mezani, na chai. Saa nne. Koki. Dustcoat ya kijani. Mkono juu.

Na mimi, mtu wa takwimu, nikaanza kumweleza shangazi yangu kwamba hayo ni masimulizi. Kwamba macho ya mtu huona anachotarajia, na yake isitoshe ndiyo yaliyomleta kliniki. Kwamba sisi tunatumia ushahidi wa picha.

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Wewe kijana wa dada yangu," akasema. "Ukiwa mdogo ulikuwa unauliza maswali mpaka tunakupa mahindi unyamaze. Leo ni mimi nakuuliza moja. Mkishamchukua huyo wenu, na kesho yake saa nne mwingine asimame hapo kwa tangi yangu, nitapigia nani?"

"Hatasimama, Aunty."

"Unajua?"

"Najua."

Nilisema hivyo. Mdomo huu.

Jumanne nikatumwa tao. Kalenda ya mwaka mpya ilikuwa inachapwa kwenye duka moja la uchapaji mitaa ya River Road, ghorofa ya pili, mashine zinatikisa ngazi. Nilienda na Njoroge, designer wetu, yeye kuangalia rangi na mimi kuangalia majina ya ndovu yasikosewe. Fundi wa pale ni mzee wa miwani, kila mtu anamwita Master, amevaa dustcoat iliyokuwa buluu miaka fulani iliyopita.

Master akatutandikia karatasi ya kwanza mezani. Januari, Mpole, kama kawaida. Picha ile ile ya reception, kwa sababu wazungu wanaipenda.

Master akaiangalia kwa miwani, halafu juu ya miwani.

"Hii mligeuza," akasema.

"Kugeuza nini?" Njoroge akauliza.

"Picha. Huyu jamaa wa chupa, mfuko wa kalamu uko kulia." Akagusa kifua chake mwenyewe, upande wa kushoto, kalamu mbili zimechomoza. "Mimi nimevaa hii kitu tangu ujana. Sijaona dustcoat imeshonwa mfuko huko."

Njoroge akacheka. "Master, hiyo ni layout. Ndovu alikuwa anaangalia nje ya page. Ukimwacha hivyo, jicho la msomaji linatoka na yeye. Nikamflip aangalie tarehe."

"Sijakataa. Nasema tu mligeuza. Sisi hapa tukigeuza kitu kwa bahati mbaya tunalipa karatasi, ndiyo maana naona."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Njoro," nikamwambia, "uliigeuza lini?"

"Kalenda ya kwanza kabisa niliyofanya. Kwani kuna mtu hununua kalenda akahesabu mifuko?"

"Na ile original?"

"Iko tu. Lakini kila mtu hutumia hii, ndiyo safi."

Ndiyo safi. Wakuu, mnakumbuka ile kazi yangu ya kwanza? Kutoa picha zenye ukungu, kuweka safi? Mnakumbuka "good work"?

Picha za masikio ya Mpole kwenye faili nilizikata kutoka kwenye folder ya Njoroge. Mimi. Nilichukua ndovu aliyegeuzwa ili aangalie tarehe, nikamweka kwenye kumbukumbu za utafiti, nikafuta zile za ukungu ambazo zilikuwa za kweli. Tundu la kushoto likawa la kulia. Nikaweka sahihi yangu hapo pia.

Sikumbuki vizuri nilivyorudi Spring Valley. Nakumbuka nilienda moja kwa moja kwenye kabati la chuma lililo jikoni, lile lenye kadi za zamani za karatasi, ambalo hakuna mtu hufungua kwa sababu microwave iko juu yake na mlango ukivutwa inatikisika. Nikateremsha microwave. Nikatafuta Mpole. Kadi yake ilichorwa kwa penseli na walezi siku walipomwachilia. Sikio la kushoto: tundu, na chini yake V. Sikio la kulia: zima.

Na chini, mwandiko wa mtu aliyekuwa hana haraka: maziwa saa nne wageni wakiwepo; anajua koki, ifungwe kwa waya.

Nikaingia kwa Daktari bila kubisha hodi.

Nikamweleza yote. Aunty, koki, dustcoat, Master. Nikaweka kadi mezani. Alisikiliza akiangalia kadi, hakuniangalia mimi.

"Picha iliyogeuzwa iliingiaje kwenye faili?"

"Niliiweka mimi."

"Ulipoiweka, uliuliza imetoka wapi?"

"Hapana."

Sasa akainua macho.

"Wewe," akasema.

Hiyo tu. Nimewahi kutukanwa Kinoo na mama mwenye nyumba kwa lugha mbili, haikuniingia kama hiyo "wewe".

Akachukua simu akaweka loudspeaker. Timu ya kuhamisha ilikuwa tayari njiani, wamesimama Emali wanakula nyama. Tulisikia hata kisu kwenye ubao. Akawaambia wamalize kula, walale, na kesho asubuhi helikopta isiruke. Yule wa upande wa pili akauliza kwa nini, na ripoti ilisema uhakika wa juu.

"Uhakika ulikuwa juu," Daktari akasema. "Ndovu ndiye hakuwa yeye."

Halafu yule jamaa akasema rubani alishamwona 41 jana kutoka juu, yuko peke yake kwenye bonde, mbali na kijiji. Mahali pazuri sana pa kumpiga dawa, akasema. Ndovu mwenyewe hakuwa hata na wasiwasi.

Hiyo sentensi bado inanisumbua kuliko zote.

Mpole hakuhitaji helikopta. Walienda walezi wawili na dustcoat za kijani, wakasimama mbele ya tangi saa nne kasorobo. Wanasema alikuja kwa wakati, akainua mkono, na wao wakaanza kutembea kurudi mbugani. Akawafuata kwa miguu mpaka kwenye kisima cha ndani, ambacho pampu yake ilikuwa imekufa na hakuna aliyekuwa ameuliza. Ikatengenezwa. Koki ya akina mama ikajengewa kikasha cha chuma chenye kufuli.

Watu wa mawasiliano wakawa na swali lao: wazazi wa hiari wa Mpole waambiwe nini? Kazi ikarudi kwangu. Nikaandika kwamba Mpole anaendelea vizuri, anazidi kujitegemea, na ameonyesha ubunifu mkubwa katika kutafuta maji. Kila neno ni kweli. Mama mmoja wa Uswisi akajibu kwamba alilia.

Nambari 41 hakuandikiwa chochote. Anatembea kule bondeni, hajui kwamba kuna Jumanne alikuwa na sahihi yangu juu ya kichwa chake na kilichomwokoa ni mfuko wa kalamu. Nilipendekeza apewe jina. Daktari akasema nambari inamtosha, bora iwe yake.

Kalenda ilitoka vilevile. Mpole anaangalia tarehe. Nilipigania irekebishwe, nikashindwa. Ukweli ni kwamba ndovu akiangalia nje ya page kweli haipendezi.

Aunty nilimpigia nikamwambia kila kitu, hata sehemu yangu.

"Kwa hivyo ulikuwa na kadi kwa kabati," akasema.

"Ndiyo, Aunty."

"Na mimi kwa meza ya chai."

"Ndiyo."

"Na ukaamini kalenda."

Siku hizi yeye yuko kwenye mfumo wetu kama mtu wa kutuma picha, ana namba yake ya utambulisho. Macho yalipona.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilikuwa najiona mtu wa kuuliza kila kitu, kumbe nilikuwa nauliza vya watu wengine tu: mchungaji, wanasiasa, wazee, shangazi. Kitu nilichokiweka mimi mwenyewe, chenye sahihi yangu na "good work" juu yake, sikuwahi kukiuliza hata jina. Na mtu asiye na cheti akileta jambo, mimi nilikuwa naita masimulizi. Likiwa kwenye screen, naita data. Siku hizi najaribu. Sijapona.

Haya, uwanja ni wenu. Wale wa maofisini, wa maabara, wa hospitali, wa mahesabu: ni kitu gani uliwahi kuandika kwa uhakika wa juu, halafu mtu wa chai au wa mashine akakionyesha kimepinduka? Na wale wa kuniambia ningefutwa kazi, semeni tu, nimeshajiambia.

Simu imelia, ni Aunty. Ametuma picha kutoka kwenye tangi, leo saa nne na dakika tano. Mpole amesimama mbele ya kikasha chenye kufuli, anakiangalia kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa.

Chini ameandika: "Sikio la kushoto. Sijageuza."